Chetambe si "mtaro tu"

Wacha niseme hii kitu halafu mnitukane kwa comments mkitaka.

Nimezaliwa Kitale, nimesomea Kitale. Nikiwa darasa la saba shule yetu ilitupeleka Mombasa. Wazazi waliuza mahindi, wengine wakachukua mkopo wa chama, ili sisi tukasimame mbele ya Fort Jesus tupigwe picha. Sina ubaya na Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ukuta wake bado unatisha, na tangu 2011 iko kwa orodha ya urithi wa dunia. Lakini ile basi yetu ilipita Webuye. Ilipita kabisa chini ya kilima cha Chetambe, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenyanyua kidole akasema, watoto, angalieni pale juu.

Miaka michache baadaye, kidato cha pili, nikakariri upinzani wa Wabukusu. Sababu, matokeo, kwa nini walishindwa. Niliandika, nikapata alama zangu, nikasahau. Kwa akili yangu hayo mambo yalitokea mbali sana, labda kule Nandi, labda kwa kitabu tu.

Mwezi uliopita nikapanda matatu hapo stage ya Kitale. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Hata simu haikuisha chaji. Nikachukua boda kupanda kilima. Jamaa wa boda akaniuliza, "Unaenda kuona nini? Ni mtaro tu, bro."

Na kweli ni mtaro. Sitawadanganya. Umejaa nyasi na vichaka, na usipoambiwa utapita ukidhani ni maji ya mvua yalichimba. Ngome yenyewe ilikuwa ya Watachoni, na jina ni la mzee wao, Chetambe. (Najua Wabukusu na Watachoni mtaanza kuvutana hapa. Subirini nimalize kwanza.) Ilikuwa na ukuta wa udongo kuzunguka boma, na handaki nje yake. Vijiji vyenye ukuta vilikuwa kitu cha kawaida huku, Wabukusu wanaviita chingoba.

Mwaka 1895, baada ya askari wa Kisudani wa Mwingereza kuuawa wakifuatilia bunduki, Hobley na Grant walikuja na jeshi. Ndani yake kulikuwa na Wasudani, Waganda, na watu wa Wanga. Walipiga Lumboka, upande wa Bungoma, watu wakakimbilia Chetambe. Huko wakafuatwa na bunduki ya Hotchkiss. Fikiria umejificha nyuma ya ukuta wa udongo, una mkuki na ngao, na ng'ombe wako na watoto wako ndani.

Nilikuta kukhu mmoja akipalilia karibu. Nikamsalimia, "Mulembe, kukhu." Akaitikia, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natengeneza video. Akanionyesha na jembe: "Huku juu tunalima. Hapo ndani, mjukuu wangu, hatulimi. Hapo kuna watu." Akaendelea na palizi yake.

Nilizima kamera. Sikujua nifanye nini na mikono.

Sasa wewe unayesema "hakuna cha kuona", nikuulize. Unajua Antonine Wall? Iko Scotland. Warumi walianza kuijenga mwaka 142, na zaidi ni matuta ya udongo na nyasi pamoja na mtaro. Mtaro! Kuna sehemu nyingi huwezi kuona kitu ila nyasi. Wazungu wameweka vibao, wameweka ramani, wanapeleka watoto wa shule na sandwichi zao, na 2008 UNESCO ikaiingiza kwa orodha ya urithi wa dunia. Yaani mtaro wa Mrumi ni historia, mtaro wa babu yako ni kichaka.

Elijah Masinde hakuona kichaka. Huyu mtu, kabla ya Dini ya Msambwa, alichezea Kenya mpira, watu husahau. Mwaka 1947 alipandisha maelfu ya watu kilimani Chetambe kuomboleza waliouawa pale. Serikali ya mkoloni iliogopa. Mkoloni alijua ule mtaro ni nini kuliko sisi.

Hata Kitale yetu ina makumbusho, yaliyotokana na mkusanyiko wa Stoneham, mlowezi aliyependa vipepeo. Vizuri, tuwe na vipepeo. Lakini shule za Trans Nzoia na Bungoma zinazolipa basi hadi pwani haziwezi kutenga asubuhi moja ya Chetambe njiani? Na sisi wa kamera, tunaojaa Nabuyole kupiga picha na maporomoko, kilima kiko pale pale juu. Mimi pia nimefanya hivyo. Mara mbili.

Kuhusu mvutano wa Wabukusu na Watachoni, vutaneni, lakini vutaneni mkiwa kule juu. Ukuta ulikuwa wa udongo, na Webuye mvua hainyeshi kidogo. Kila msimu mtaro unajaa zaidi.

Narudi likizo ya Agosti na binamu zangu wanne, wa darasa la nne hadi la nane. Kukhu ameniambia nikuje asubuhi, kabla jua halijapanda, na nisisahau sukari.