Gurudumu Pana la Nyuma

Ukiketi saa moja katika kituo cha bodaboda cha Voi au Mwatate, ukazitazama pikipiki zinavyopita, utaona kuwa baadhi yake zina gurudumu la nyuma lisilolingana na umbo lao. La mbele ni jembamba kama lilivyotoka kiwandani. La nyuma limenona kama la pikipiki ya mashindano. Mwenye chombo hicho hukipitisha polepole penye watu wengi, na vijana wenzake hugeuza shingo. Mimi pia niligeuza shingo yangu zamani, kabla sijajua gharama ya pambo lile. Leo naandika kuupinga mtindo huo. Siupingi kwa sababu ni wa vijana, wala kwa sababu wazee hawaupendi. Naupinga kwa kuwa ni hesabu mbaya, na wanaoilipa hesabu hiyo si wale peke yao walioifanya.

Msomaji, usinisadiki kwa maneno matupu, chukua kalamu. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa nambari, na nambari hizo hazikuwekwa kwa urembo. Pikipiki nyingi za kuchukulia abiria huvaa nyuma tairi lililoandikwa 3.00-17. Maana yake ni kwamba upana wa tairi ni inchi 3, na rimu linayovikwa ina kipenyo cha inchi 17. Tairi moja linalopendwa kutiwa badala yake huandikwa 110/90-17: upana wa milimita 110, kimo cha ubavu kilicho asilimia 90 ya upana huo, na rimu ya inchi 17 vile vile. Kwa kuwa 17 ni 17, fundi wa kando ya barabara husema kuwa linaingia. Linaingia kweli, kama mguu mkubwa unavyoingia katika kiatu kidogo ukishindiliwa. Rimu haina kipenyo tu, bali ina upana pia, na rimu iliyofanyiwa tairi la inchi 3 ni nyembamba. Tairi pana likivikwa juu yake, kingo zake hubanwa, na uso wake huinuka katikati kama mgongo wa kobe. Kijana amelipia upana, na sehemu ya upana huo haigusi barabara kabisa.

Tupime kimo sasa. Inchi 17 ni milimita 432. Asilimia 90 ya 110 ni 99. Na kwa kuwa ubavu wa tairi uko juu na uko chini, 99 mara mbili ni 198. Jumla yake ni 630. Tairi la asili, tukilihesabu kwa inchi zake, ni 17 na 3 na 3, yaani 23, ambazo ni milimita 584. Matairi halisi huzidi au hupungua kidogo kwa kadiri ya kiwanda, lakini tofauti hubaki kama asilimia 6 hadi 8. Asilimia 6 ni kitu gani? Ni hiki: gurudumu kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hali injini haikuongezwa hata chembe ya nguvu, basi nguvu ya kusukuma inayofika barabarani hupungua kwa kiasi hicho hicho. Mlima uliopandwa kwa gia ya tatu sasa huomba ya pili. Na la breki ni zito kuliko hilo. Breki ya ngoma iliyomo katika kitovu cha gurudumu haikui gurudumu linapokua. Hushika kwa nguvu ile ile ya jana, lakini ukingo wa tairi umekwenda mbali zaidi na kitovu, na nguvu ya kuzuia inayoufikia ukingo huo imepungua. Hii ni kanuni ya wenzo mnayofundishwa darasani. Haiachi kufanya kazi kwa sababu mtu amepaka tairi lake rangi.

Mimi sikuyajua haya kwa kusoma. Mwaka 2019 mpwa wangu alikuwa na pikipiki aliyoinunua kwa mkopo, akiulipa siku kwa siku, na akichukua abiria na magunia ya kabichi katika barabara ya Mwatate na Wundanyi. Barabara hiyo hupanda milima ya Taita kwa kona zinazojikunja moja juu ya nyingine. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde. Alitumia malipo ya siku tano za mkopo kununua tairi pana. Lilipotiwa, likawa karibu kugusa mnyororo. Fundi hakusema kuwa halifai. Alitia vipande viwili vyembamba vya chuma nyuma ya gurudumu la meno, akalisogeza nje pamoja na mnyororo. La mbele, kwenye injini, likabaki pale pale. Tangu siku hiyo mnyororo ulikwenda upande, lakini kwa majuma matatu hakuna aliyeona ila uzuri.

Siku moja nilipanda nyuma yake tukishuka kutoka Wundanyi. Katika kona mnyororo ukatoka, ukajibana kati ya tairi na mkono wa chuma unaolishika gurudumu, na gurudumu likakaza ghafula. Tuliburuzwa tukaishia katika mfereji. Namshukuru Mungu kuwa mfereji ulikuwa upande wa mlima. Mpwa wangu aliinuka akitetemeka, akaniuliza, "Mjomba, umeumia?" Nikamjibu, "Niulize kesho." Kesho yake sikuweza kuinua mkono.

Wanaolitetea gurudumu pana wana hoja, na si haki kuzificha. Ya kwanza ni ya mzigo. Tairi la 3.00-17 aghalabu huwa na nambari 50 ya uzito, ambayo maana yake ni kilo 190. Yapo ya 110/90-17 yenye nambari 60, yaani kilo 250. Kweli, tairi limeongezwa kilo 60. Lakini ni nani aliyeziongeza spoki? Nani aliyeziongeza springi, beringi na ile breki ya ngoma? Tairi limepewa ruhusa, na wenzake hawakuulizwa. Tena sheria ya Kenya inamruhusu mwendesha pikipiki abiria mmoja tu. Anayedai nguvu ya kuchukua watatu anadai nguvu ya kuvunja sheria.

Hoja ya pili husema kuwa tairi pana hushika barabara zaidi. Eneo la tairi linalogusa ardhi hutegemea zaidi uzito ulio juu yake na hewa iliyomo ndani kuliko upana. Tairi pana hubadili umbo la alama hiyo, likawa fupi na pana. Haliongezi sana ukubwa wake. Na penye kona hukilazimisha chombo kilale zaidi kwa mwendo ule ule. Penye mchanga mwingi nakubali kuwa upana husaidia, na mtu ambaye kazi yake ni ya mchanga nampa haki yake. Lakini vilima vyetu vina tope. Tope likiingia katika nafasi iliyobaki kati ya tairi nene na madigadi, hujaa na kulikaza gurudumu.

Huniambia pia kuwa Wazungu na Wajapani huvisha pikipiki zao matairi mapana. Huvisha zile zenye nguvu za farasi 200; ya bodaboda haifiki 15. Tairi jembamba katika injini ile lingechemka na kulika upesi, na ndiyo sababu ya upana wake. Wajapani hao hao, kwa kampuni ya Honda, walitoa mwaka 1958 pikipiki ndogo iitwayo Super Cub yenye matairi ya inchi 2 na robo tu. Kufikia mwaka 2017 pikipiki za jina hilo zilizotengenezwa zilikuwa zimefika milioni 100. Sijasikia kuwa wanunuzi wake waliona haya.

Mpwa wangu alirudisha tairi la inchi 3 na kunyosha mnyororo. Lile pana aliliuza kwa nusu ya bei, na mkopo wake ukachelewa kwa mwezi mzima. Tangu hapo nimeliona katika pikipiki nyingine pale kituoni Mwatate. Nalitambua kwa mkwaruzo ulioachwa ubavuni na mnyororo. Nilimwuliza mwenyewe kama amewahi kutazama mnyororo wake unapita wapi. Alicheka, akapangusa kiti kwa kitambaa, akaniambia, "Panda, mzee, twende."