TETEMEKO LA ARDHI SI HUKUMU JUU YA WALIOKUFA

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, tumezoea kusikia, kila ardhi inapotikisika, kwamba waliofikwa wamelipwa kwa maasi yao. Tunaona ni wajibu kuipinga kauli hiyo.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu ya nyumba yaliharibika. Siku hiyo mahujaji walikuwa wakielekea Mina. Ni nani aliyepewa elimu ya ghaibu hata aseme waliofunikwa na kuta walikuwa waovu kuliko sisi tuliosalimika?

Gamba la ardhi si kipande kimoja. Limegawanyika mabamba makubwa yasogeayo polepole kwa amri ya Muumba wake. Hapa Afrika Mashariki bamba moja linapasuka: upande wa Bahari ya Hindi unaachana na upande wa bara kwa milimita chache kila mwaka. Mpasuko huo ndio Bonde la Ufa. Mkono wake wa magharibi, usio mbali na Kagera, unapita Ziwa Tanganyika. Wa mashariki unapita Natron na Manyara. Miamba ikivutwa hustahimili miaka mingi, kisha huteleza ghafla, na ardhi hutetemeka. Gamba likikonda, miamba ya chini hupanda na kuyeyuka, na volkano huzaliwa.

Sisi wa Bomang'ombe ushahidi tunao mbele ya macho. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni volkano tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Udongo unaootesha migomba na kahawa ya Machame umetokana na miamba na majivu ya moto huo. Mwaka 2007 matetemeko ya karibu na Ziwa Natron yalisikika hadi Nairobi, na mwaka huohuo Oldonyo Lengai ukalipuka. Basi mwendo uleule unaotulisha sisi ndio uliowatikisa ndugu zetu. Ikiwa tetemeko ni hukumu juu ya Bukoba, je, rutuba hii ni malipo ya uchamungu wetu?

Atasema msemaji: Je, Sayyidna Umar (r.a.) hakuwaonya watu Madina ilipotetemeka? Ndiyo, imepokewa hivyo. Lakini aliwaonya watu wa mji wake, naye akiwa miongoni mwao. Hakuwanyooshea kidole maiti wa mji wa mbali. Na jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), watu walisema limepatwa kwa ajili yake. Mtume akalikanusha hilo, kisha akasali na kuwahimiza watu kusali. Hapo pana mafunzo mawili: tukio ni ishara ya kutukumbusha sote, wala si habari ya siri kuhusu mja fulani. Tena tumefundishwa kwamba Muislamu afaye kwa kuangukiwa na jengo huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Vipi basi tumwite mlaaniwa?

Kujua sababu hakupunguzi Tawhidi, kwani sababu nazo zimeumbwa. Kutozijua ndiko kunakoua. Watu wengi katika matetemeko huuawa na nyumba: matofali ya udongo yasiyo na nguzo, kuta zisizofungwa kwa mkanda wa zege na nondo. Misikiti yetu nayo hujengwa kwa sadaka za wajane na maskini. Kamati inayopandisha mnara bila kumwuliza fundi mjuzi habari ya msingi imeichezea amana. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo hutawakaliwa.

Basi ardhi ikitikisika tena, maimamu waanze na toba ya nafsi zao, kisha wawaombee marehemu na kuwachangia walionusurika. Na walimu wa madrasa tuwafundishe watoto sababu zake bila hofu.

Wabillahi tawfiq.