Mbwa Anayetafuna Kila Kitu ni Mteja, Usimuuzie Toi ya Siku Moja

Leo siongelei mkopo wala TIN. Naongelea mbwa. Najua wapo watakaocheka, ila vumilieni kidogo, humu kuna hela. Na kuna njia ya kuharibu jina la duka lako ndani ya wiki moja.

Mimi nina duka la vifaa hapa Lushoto: misumari, kamba, mabuti, mipira ya kumwagilia. Ukikaa kaunta muda mrefu unajifunza kusoma manunuzi ya mtu. Kuna baba mmoja wa kule Magamba alinunua mpira wa maji, baada ya wiki mbili akarudi kununua mwingine, mwezi haujaisha karudi tena. Nikamuuliza, "Baba, una bustani ngapi?" Akasema bustani ni moja, tatizo ni mbwa. Dume wa miezi mitano, ameshamaliza mipira miwili, buti za mama mwenye nyumba na kiti cha pikipiki. Akaniambia wazi kwamba huo ndio mpira wa mwisho. Mbwa akiugusa tena, anampandisha gari la Mombo akaishie huko huko.

Sasa piga hesabu. Mpira mmoja wa maji kwangu ni zaidi ya elfu thelathini. Mtu aliyekwisha kupoteza miwili hashindwi kutoa elfu tano au kumi kwa kitu kitakachoelekeza meno ya mbwa kwingine. Huyo ni mteja kamili. Na si peke yake. Huku milimani mbwa ana kazi. Anafukuza kima na nguruwe pori kwenye mahindi yanayopakana na msitu, analinda loji za watalii njia ya Irente, analinda majumba ambayo wenyewe wanaishi Dar na kuja Desemba. Mbwa wa ulinzi akifungwa mchana kutwa bila shughuli anatafuna chochote. Si ukorofi, ni kukosa kazi.

Kwa mtoto wa mbwa kuna sababu nyingine. Ana meno 28 ya utotoni, yanaanza kudondoka akikaribia miezi minne, na kufikia miezi saba huwa ameshaota ya ukubwani 42. Katikati hapo fizi zinamwasha na anatafuta cha kung'ata. Hilo mwambie mteja wako kabla hujamwonyesha bidhaa yoyote. Watu wengi wanauza au kutupa mbwa katika miezi hiyo hiyo mitatu, wakati ungengoja kidogo kasi ingepungua yenyewe.

Tatizo langu ni vile tunavyouza. Wengi wetu tukisikia "toi ya mbwa" tunawaza vile vya plastiki vyenye rangi kali, ukibonyeza vinalia pii. Vinapatikana kwa bei ya jumla, ni vyepesi, vinapendeza ukutani. Muuzaji anabandika maneno "imara, haiharibiki". Mbwa wa Kizungu wa mapajani labda atakaa nacho. Mpe mbwa wa kulinda shamba, dakika kumi kimekwisha, na kile kifilimbi cha ndani kimeshamezwa.

Hili limetokea hapa hapa wilayani. Duka silitaji. Mteja aliuziwa kwa kuhakikishiwa kabisa kwamba hakitafuniki. Siku ya tatu mbwa anatapika, hali, choo hapati. Akaitwa daktari wa mifugo, hela ikatoka, mbwa akapona kwa bahati. Lakini yule mteja sasa akishuka sokoni anapita upande wa pili wa barabara, na habari amewasimulia wenzake wote. Lushoto ni mji mdogo, jamani. Faida kwenye ile toi sidhani kama ilizidi elfu mbili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: neno "haiharibiki" tuliondoe midomoni. Hakuna kitu laini cha kutosha kwa meno ya mbwa ambacho mbwa hawezi kukimaliza. Na kile asichoweza kukimaliza kabisa ndicho kitakachomvunja gego. Mwambie mteja kitadumu kiasi gani, akitoe lini, na kikianza kukatika afanye nini. Hayo ndiyo anayoyalipia.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Kama ukucha hauachi hata alama, ni kigumu mno kwa jino, ndiyo maana pembe la ng'ombe na mfupa mzito wa paja mimi siuzi, hata kama mbwa anavipenda. Halafu angalia ukubwa. Kikiweza kupita nyuma ya magego yote kikaingia mdomoni chote, ni kidogo, kitamkaba. Kwa mbwa wa ulinzi anza na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima.

Mimi kipenzi changu ni katani, na wala sijifichi. Mkoa wetu wa Tanga ndio nyumbani kwa zao hili tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mashamba yote mnayoyaona kuanzia Korogwe kushuka yalianzia hapo. Kamba nene ya katani, unene wa dole gumba au kuzidi, kata urefu wa mkono, piga fundo kubwa kila upande na moja katikati, kaza kwa kuvutana watu wawili. Umepata kitu cha kutafuna na cha kuvutana naye, mtaji mdogo kuliko toi ya plastiki. Ila inuse kamba kwanza. Kamba nyingi za kufungia mizigo zimepakwa mafuta kiwandani na harufu unaisikia kabisa. Hiyo muuzie mwenye lori, mbwa usimpe.

Na mteja mwambie ukweli wake pia: katani inachambuka. Nyuzi ndefu zikimezwa zinakunja utumbo. Ampe wakati yupo naye, akimaliza aiondoe, na fundo likianza kufumuka alete aje kuchukua nyingine. Akiona uzi unaning'inia nyuma ya mbwa asiuvute hata kidogo, aende kwa daktari wa mifugo.

Matairi je? Swali hili naulizwa kila siku kwa sababu mafundi wa katambuga wapo na vipande vinazagaa. Tairi nyingi za magari siku hizi zina waya wa chuma ndani, na hata ile isiyo na waya inasaga meno ya mbwa kama tupa. Kwangu tairi ni la kuning'iniza kwenye mti mbwa aruke na kulivuta. Kutafuna, hapana.

Mpira mzuri kweli kweli ni ule mnene, mzito, wenye tundu katikati. Asili yake inanifurahisha kila nikiikumbuka, maana ilianzia gereji. Miaka ya 1970 kule Denver, Marekani, jamaa mmoja aitwaye Joe Markham alikuwa na mbwa wa Kijerumani, Fritz, aliyekuwa anatafuna mawe mpaka meno yanaisha. Siku moja Markham akiwa anatengeneza basi lake la Volkswagen, mbwa akadaka kipande cha mpira cha kwenye springi na akakataa kukiachia. Kutoka kwenye kipande hicho ndipo ikaja kampuni ya KONG mwaka 1976, leo inauza dunia nzima. Hizo za kwao zikifika hapa bei inapaa, kwa hiyo mimi naleta kwa oda tu, mteja analipa nusu kwanza. Usikurupuke ukasema utauza bushi kuukuu za Fuso: zina grisi na chuma ndani. Ila mwenzenu huwa nawaza, pale Muheza Shirika la Maendeleo la Taifa lina shamba la mpira la Kihuhwi, utomvu unagemwa hapo hapo chini ya Usambara. Mwenye karakana ndogo na kalibu akikaa chini na hilo wazo, mimi nitakuwa mnunuzi wake wa kwanza.

Faida ya lile tundu ni kwamba unashindilia ugali wa jana na dagaa wachache. Mbwa anahangaika nalo nusu saa, na mbwa aliyehangaika nusu saa analala.

Kuna wateja ambao hata elfu tano ni nzito. Hao usiwafukuze, wape ushauri bure, watarudi kununua misumari. Sisi ni watu wa mboga. Karoti zinazokataliwa na madalali kule Lukozi kwa kupinda au kwa unene ni kitu safi sana kwa mbwa anayeota meno. Ampe nzima, nene, iliyolala nje usiku wa baridi ya Julai, au kwenye friza kama anayo. Inaisha, ndiyo, lakini ameitafuna badala ya buti.

Hapo hapo mtahadharishe na gunzi la mahindi. Watu wanawatupia mbwa magunzi kila msimu, na mbwa analimeza vipande vipande, likanasa tumboni. Kokwa za plamsi na pichesi nazo hivyo hivyo. Mifupa iliyopikwa inachanika vijiti vikali. Na ndala kuukuu asimpe kamwe. Mbwa hajui kutofautisha ndala kuukuu na ile uliyonunua jana.

Jambo la mwisho linahusu kaunta yako. Huku wengi wetu ni Waislamu, na mate ya mbwa yana hukumu yake. Usitundike vitu vya mbwa juu ya magunia ya sukari, na usiruhusu mtu akuwekee kaunta toi iliyotafunwa eti aonyeshe ilivyoharibika. Mimi nimeweka kikapu chenye mfuniko nje upande wa kamba, na anayetaka kubadilisha namwambia, "Nipigie picha tu, inatosha." Hakuna aliyelalamika, wa upande huu wala wa upande ule.

Yule baba wa Magamba nilimuuzia mafundo mawili ya katani, nikamwambia abadilishe, leo hili kesho lile, mbwa asiyazoee, na karoti asubuhi. Baada ya wiki tano hivi alirudi na picha kwenye simu: fundo moja limebaki kama ndevu, mbwa kalala pembeni yake. Akachukua mengine matatu, moja la jirani yake. Mpira wa maji hajanunua tena, kwa hiyo upande huo nimepoteza mauzo.

Kwa sasa nakata mafundo ya saizi mbili, dogo elfu tatu na kubwa elfu tano. Mwenye kujua nani Korogwe anauza kamba nene isiyo na mafuta kwa roli nzima aniandikie hapo chini, maana ninayemtegemea ameniletea mzigo wenye harufu mara mbili mfululizo.