Kiki Isiyosikika

Baadhi yenu wanafunzi mnaotengeneza muziki vyumbani mmeniuliza habari za kiki. Sisemi ile kiki inayotafutwa mitandaoni. Nasema ile ngoma nzito ya chini inayoushika mdundo. Yangu iliniaibisha mwaka jana.

Dada yetu alikuwa anaolewa Tanga, mimi niko Leicester na likizo nimenyimwa. Wimbo wa harusi ndio uliokwenda badala yangu. Mdogo wangu aliimba, mimi nikatengeneza biti na kuchanganya sauti. Siku 3 kabla ya shughuli wakaujaribu kwenye maspika ya kukodi. Akanipigia: "Kaka, kiki iko wapi? Kama mtu anapiga mto!"

Nikaipandisha kiki, mwimbaji akazama. Nikaiongezea uzito wa chini. Hedifoni zikatetemeka, kwenye simu kimya. Usiku wa pili ndipo nilipoelewa: kiki haikuwa ndogo, ilikuwa imebanwa.

Kwanza, kiki na gita la besi vilikuwa vikigombea mahali pamoja, kwenye hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde. Nikaiachia kiki pale, gita nikalipunguza desibeli 3 na kulipa nafasi yake karibu na hezi 100. Kisha nikaipunguza kiki kwenye hezi 300, unakokaa ule mlio wa boksi tupu. Nikaiongeza kidogo kati ya hezi 3,000 na 4,000, ilipo ile "ta" ya kigongo kinapogusa ngozi. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa vizuri hezi 60, lakini "ta" inaitoa.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye kompresa, ile inayobana sauti kubwa. Niliiweka ishike papo hapo, ikawa inakata kichwa cha kila pigo. Nikaichelewesha milisekunde 30, pigo lipite kwanza ndipo ibane. Tena iachie kabla ya pigo linalofuata: wimbo ulikuwa wa mapigo 120 kwa dakika, basi kati ya pigo na pigo ni milisekunde 500. Mwisho nikaifanya besi ishuke kidogo kila kiki inapogonga, kama wageni wanavyompisha bibi harusi mlangoni.

Namba hizi ni za wimbo ule. Wako usikilize mwenyewe, kwa sauti ya chini. Kiki ikisikika hata hapo, umepata. Na jirani atalala.

Jumamosi ile nilikuwa kazini, ghalani. Wakati wa mapumziko nikafungua video kutoka Tanga: mama mdogo yuko katikati, khanga kiunoni, mguu wake unatua palepale kiki inapotua. Niliirudia mara 4, mpaka msimamizi akaja kuniita.

Mwezi ujao tutazungumzia sauti ya mwimbaji.