Mfupa wa supu na gitaa la marehemu baba

Wiki kadhaa hizi sikuwaandikia habari za mapishi wala za shule kwa sababu nyumbani kwetu kulikuwa na kesi, na kesi yenyewe ilihusu vipande viwili vya plastiki visivyozidi urefu wa kidole cha kati.

Wanaonifuata tangu zamani watakumbuka kwamba mwaka jana nilirudi kutoka Tanga na gitaa la marehemu baba. Ni gitaa kavu, lile lisilochomekwa umeme, limekwaruzika tumboni kwa miaka ya kucha zake. Baba alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, mtindo wa Kikatanga ambao vijana wengi wa rika lake waliuokota kwenye santuri za Mwenda Jean Bosco, yule bingwa wa Jadotville, siku hizi Likasi, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inachokoa wimbo kwenye nyembamba.

Lilipofika huku, uzi wa tatu ulikuwa unalia kama nyuki ndani ya kopo. Nikalipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaniambia vipande vyeupe vinavyoshika nyuzi vimelika, akaweka vipya, akanirudishia vya zamani kwenye bahasha. Nyuki akanyamaza. Nikalipa, nikafurahi. Jioni kijana wangu wa miaka 14 akakaa jikoni na wimbo ambao babu yake alimfundisha kwa video, nami nikampigia mama.

"Shikamoo mama, msikilize mjukuu wako."

"Marahaba." Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Anapiga vizuri, Mungu amkuze. Lakini hilo si gitaa la baba yako."

Nikamwambia ni simu tu hiyo, mama, mtandao unabana sauti.

"Simu naijua. Hilo limeshindiliwa pamba."

Nikamgeukia kijana nikitegemea anitetee. Akainamisha kichwa. "Hata mimi naona hivyo, mama. Sikutaka kukuambia."

Usiku huo sikulala vizuri. Baba hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha gitaa, na mimi nilikuwa nimelipa pesa ili sauti yake itolewe.

Sasa niwaeleze hivyo vipande ni nini, maana hata mimi nilikuwa nikiviona tu kama urembo. Kimoja kipo juu, pale shingo inapokutana na kichwa, kina mifereji sita ya kupitisha nyuzi. Kingine kipo chini, kimesimama kwenye ufa wa briji, ule ubao uliogundishwa tumboni mwa gitaa. Fundi wa mtaani kwetu Tanga aliviita mfupa wa juu na mfupa wa chini, hata vikiwa vya plastiki. Nyuma ya mfupa wa chini kuna pini sita zinazobana vichwa vya nyuzi ndani ya matundu yake.

Uzi wenyewe, ukiutazama, ni mwembamba mno kuweza kusukuma hewa. Unatikisa mfupa wa chini, mfupa unatikisa briji, briji inatikisa ule ubao mpana wa tumbo, na ubao ndio unaotoa sauti tunayoisikia. Kila noti inapita hapo. Mfupa wa juu kazi yake ni nusu: unasikika uzi ukipigwa wazi, bila kubanwa. Ukishaubana kwa kidole, kile chuma kilicho mbele ya kidole ndicho kinachoshika uzi, na mfupa wa juu unabaki mtazamaji. Lakini mtindo wa baba una nyuzi nyingi za wazi, hivyo kwetu vyote viwili vilikuwa na neno.

Nikafungua bahasha, na hapo ndipo hofu ya pili ilipoingia. Vipande vya zamani vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo, na nikakumbuka maneno ya baba mdogo kila alipotutembelea: "Gitaa la kaka lina pembe ya ndovu hilo, msilichezee."

Si jambo lisilowezekana. Hata kampuni ya Martin ya Marekani ilitumia pembe kwenye magitaa yake kwa miaka mingi. Na sisi watu wa pwani hatuwezi kujifanya hatuijui njia ya pembe. Zilitoka bara kwenye mabega ya watu, zikapitia Tabora na Bagamoyo, zikavuka hadi Unguja, na shehena kubwa ikaishia Connecticut, kwenye viwanda vya Deep River na mji uliopewa kabisa jina la Ivoryton, zikakatwa kuwa vibao vya piano. Mabinti wa watu walijifunza muziki juu ya meno ya ndovu wetu.

Sheria nazo zimebadilika. Mwaka 1989 mkataba wa CITES ulimwingiza tembo wa Afrika kwenye orodha ya ulinzi mkali kabisa. Hapa Uingereza, Sheria ya Pembe ya mwaka 2018 ilianza kutumika tarehe 6 Juni 2022. Haikukatazi kumiliki, inakataza kuuza, isipokuwa kwa misamaha michache. Ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975, yenye pembe chini ya asilimia 20, inaweza kuuzwa ikisajiliwa kwanza. Kuvuka mpaka nayo ni kesi nyingine ya vibali, na mimi nilikuwa nimeshalipitisha Heathrow begani, nikitabasamu.

Nikachukua kioo cha kukuzia cha kijana. Mfupa wa mnyama una vitundu na vistari vidogo vyeusi, njia za damu za zamani. Pembe ya ndovu haina vitundu hivyo, na ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayopishana kama mkeka. Mimi niliona vitundu vyeusi tele. Hata hivyo nikampigia mama.

Alicheka mpaka akakohoa. "Pembe! Baba yako angeitoa wapi pembe? Ule ni mfupa wa mguu wa ng'ombe. Nilipika supu, akauchukua kwenye sufuria kabla sijautupa, akaupeleka kwa fundi. Baba yako mdogo aliambiwa ni pembe ili asiliazime."

Basi nikatulia. Ikabaki sauti.

Tulilegeza nyuzi, tukachomoa vile vipande vipya. Cha juu kilikuwa na uwazi kwa chini, kama mtumbwi uliogeuzwa. Cha chini kilikuwa plastiki nyepesi, na nilipokisimamisha juu ya kioo cha dirisha kikacheza kama meza yenye mguu mfupi. Kilikuwa kimekanyaga ufa wake kwenye ncha mbili tu, katikati pakapita karatasi. Tena kilikuwa chembamba kuliko ufa, kwa hiyo kiliinamia mbele nyuzi zilipokazwa. Mtikisiko ungeteremka kupitia wapi?

Kabla ya kutafuta mfupa, nilitaka kujua lawama ni ya plastiki au ya uvivu. Nikanunua kipande kingine cha plastiki ngumu, kinene kuliko ufa, tukakisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kikaingia kwa kubana kidogo na kukaa chini sawasawa. Wasomaji, nusu ya pamba ilitoka hapo hapo. Plastiki ile ile inayotukanwa! Ningekuwa na pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye gitaa la mtoto, ningemlipa mtu anayejua kukalisha kipande vizuri, kabla ya kuuliza kimetengenezwa na nini.

Kijana naye alikuwa ameona mtandaoni pini za shaba. Tukazinunua. Nyuzi nyembamba zikang'aa zaidi, mlio ukakaa hewani muda mrefu kidogo, lakini dole gumba likapoteza ngoma yake. Pini hizo ni nzito, na uzito wote umekaa juu ya briji, ule ubao wa tumbo unapata mzigo wa kubeba. Kwa mtindo mwingine labda zingefaa. Tulirudisha pini za plastiki, tukahakikisha tu kila kichwa cha uzi kimegota kwenye ubao wa ndani badala ya kuning'inia kwenye ncha ya pini.

Nikiri kwamba majaribio haya yana udhaifu. Kubadilisha kipande na kukaza nyuzi kunachukua robo saa, na sikio linasahau haraka kuliko tumbo. Tofauti kati ya plastiki ngumu iliyokaa vizuri na mfupa ni ndogo, na anayekuambia ni kama usiku na mchana ana mfupa wa kukuuzia.

Lakini mimi niliutaka mfupa. Bucha ya halali ya mtaani kwetu ilinipa mguu wa ng'ombe. Supu tukala. Mfupa tukauchemsha tena, tukaukwangua, tukautoa mafuta kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, maana mafuta yakibaki unanuka na kugeuka manjano, kisha tukauacha ukauke majuma kadhaa. Kuukata kulimfanya kijana atambue kwa nini babu alimwachia fundi. Vaeni barakoa, vumbi lake si la kuvuta, na harufu inakumbusha kwa daktari wa meno. Tuliharibu vipande viwili. Cha tatu kikaingia. Cha juu tulimwachia fundi mwingine, kwa sababu mfereji ukichimbwa zaidi kwa unene wa karatasi nyuki anarudi.

Jumapili tukampigia mama. Alisikiliza wimbo mzima, akaomba urudiwe.

"Sasa linakaribia," akasema.

Kisha akauliza kile cha zamani kiko wapi. Nikamwambia kipo kwenye bahasha, nimekihifadhi. Akanyamaza kidogo, akasema angependa arudishiwe, kwani ulikuwa mfupa wake kabla haujawa wa baba.

Kwa hiyo naulizia: nani anakwenda Tanga mwezi wa 12? Mzigo ni wa gramu chache, ni mfupa wa ng'ombe, na nimeshauandikia hivyo juu ya bahasha.