Samahani ya siku 99

Juzi kwenye simu Shangazi kanichokoza. Ati kampuni ikiibiwa taarifa za wateja, ikaomba radhi, mnataka nini tena? Nimekosa usingizi, acha niandike.

Chukueni Careem, ile ya kuita teksi kwa simu. Ya Dubai, lakini Riyadh na Jeddah wanaitumia sana. Tarehe 14 Januari 2018 waligundua wezi wameingia kwenye kompyuta zenye taarifa za wateja na madereva. Wakatangaza lini? Tarehe 23 Aprili! Hesabuni wenyewe, siku 99. Wateja milioni 14, madereva 558,000: majina, barua pepe, namba za simu na safari zao.

Sababu ya kukaa kimya? Walitaka kwanza kuwa na habari sahihi. Hivi nyumba ya jirani ikiungua, unasubiri kujua kiberiti kilinunuliwa duka gani ndipo umgongee mlango?

Wakasema hakuna ushahidi kwamba maneno ya siri au namba za kadi za benki zimeibiwa. Sawa, hilo nawapa. Lakini oneni wanavyopima: kisicho pesa si wizi. Kumbukeni ilikuwa Januari 2018, na wanawake Saudia waliruhusiwa kuendesha gari tarehe 24 Juni mwaka ule. Kwa hiyo wateja wengi wa magari haya hapa walikuwa wao. Muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane, safari zake ndizo maisha yake: anapolala, anapofanya kazi, nyumba anayokwenda kila Ijumaa. Kadi ya benki unaifunga kwa simu moja. Nyumba je, unaifunga na nani?

Na ushauri waliowapa wateja: badilisha neno la siri, angalia hesabu yako ya benki, jihadhari na wanaokuandikia usiowajua. Ushauri mzuri kabisa... wa mwezi Januari!

Shangazi anasema walau walisema wenyewe. Ni kweli, Uber waliibiwa taarifa za watu milioni 57 mwaka 2016, wakawalipa wezi dola 100,000 na kuficha mpaka Novemba 2017. (Na hao ndio baadaye wakainunua Careem, loh!) Lakini tangu lini tukamsifu mtu kwa sababu mwenzake ni mbaya zaidi?

Sasa sheria ya Saudia, iliyoanza kubana sawasawa Septemba 2024, inaipa kampuni saa 72 kuiarifu mamlaka. Kenya nayo ni saa 72, kwa sheria ya 2019. Vizuri. Ila saa hizo ni za serikali. Mteja yeye, kwa sheria ya Saudia, anaambiwa "bila kuchelewa", na hapo ndipo mawakili wa makampuni watakapotandika jamvi na kunywa kahawa taratiiibu. Mimi nasema mteja naye apewe saa zake, tena zihesabiwe.

Haya, adhana ya Isha hiyo. Shangazi, Ijumaa nakupigia, jiandae!