Wastani Haumjui Mwanafunzi

Matokeo ya muhula yakishatoka, ulinganisho huanza palepale: wa udaktari wamewaacha mbali wa ualimu, wavulana wamewapita wasichana, au kinyume chake. Kulinganisha si kosa. Chuo kisichotazama nani anafaulu na nani anabaki nyuma hakina namna ya kujirekebisha. Hoja ya toleo hili, linalohusu ufaulu katika kozi za baiolojia vyuoni, ni kwamba jinsia na programu ya masomo lazima visomwe pamoja. Ukikisoma kimoja peke yake, utamlaumu asiyestahili.

Funzo hili lina historia. Katika udahili wa masomo ya uzamili na uzamivu wa mwaka 1973, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilikubali takriban asilimia 44 ya wanaume walioomba na asilimia 35 ya wanawake. Ubaguzi ulionekana dhahiri. Mwaka 1975 Peter Bickel na wenzake walichapisha uchambuzi wa idara mojamoja, na picha ikageuka: idara nyingi hazikuwa na pengo hilo, na kwa ujumla wanawake walipendelewa kidogo. Walikuwa wameomba kwa wingi idara ambazo nafasi zake zilikuwa ngumu kupatikana kwa kila mtu.

Mtego huohuo unatungoja Tanzania. Katika kozi moja ya jenetiki au baiolojia ya seli anaweza kukaa mwalimu mtarajiwa, mtaalamu mtarajiwa wa wanyamapori na mtaalamu mtarajiwa wa maabara. Sekondari, mmoja alisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mwingine CBG (kemia, baiolojia na jiografia), ambako hakuna fizikia. Mmoja aliichagua programu yake tangu sekondari, mwingine alipangiwa baada ya kuikosa aliyoitaka. Wasichana wakiwa wengi katika programu inayopokea wenye alama za chini za Kidato cha Sita, wastani wao utashuka hata kama ndani ya kila programu wanakwenda sawa na wavulana. Wakiwa wengi kwenye programu yenye ushindani, wastani utapanda na kuwaficha wanaozama.

Hata hivyo, programu isiwe kichaka cha kufichia tatizo la jinsia. Mwaka 2014 Sarah Eddy, Sara Brownell na Mary Pat Wenderoth walichapisha utafiti wa madarasa 23 ya baiolojia ya utangulizi nchini Marekani. Wanawake walikuwa asilimia 60 ya wanafunzi, lakini sauti zilizosikika zikijibu maswali ya mwalimu zilikuwa zao kwa chini ya asilimia 40. Katika mitihani, walipata alama pungufu kuliko wanaume wenye wastani wa jumla wa chuo unaolingana na wa kwao. Mwaka 2017 Cissy Ballen, Shima Salehi na Sehoya Cotner walionesha kuwa pengo la aina hiyo lilikuwa kwenye mitihani, si kwenye kazi nyingine zilizosahihishwa, na kwamba hofu ya mtihani iliwashusha wanawake bila kuwagusa wanaume vivyo hivyo.

Basi wingi wa wasichana darasani hautoshi. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili, hatua iliyowafungulia wengi mlango. Lakini mlango ni wa siku moja. Ufundishaji ni wa miaka mitatu na zaidi. Na ufundishaji unabadilika: Scott Freeman na wenzake walipokusanya tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati mwaka 2014, walikuta wanaofeli ni takriban asilimia 34 pale mwalimu anapohutubia tu, na asilimia 22 pale wanafunzi wanaposhirikishwa.

Tunawaomba watafiti na wakuu wa idara mambo matatu. Toeni matokeo ya jinsia ndani ya kila programu. Yaambatanishwe na alama walizoingia nazo wanafunzi. Na alama za majaribio, za maabara na za mtihani wa mwisho zioneshwe kila moja peke yake. Takwimu za namna hiyo zitamwambia mhadhiri kama kazi iko kwenye maandalizi ya mwaka wa kwanza, kwenye namna anavyouliza maswali darasani, au kwenye uzito alioupa mtihani mmoja. Akishajua hilo, hana tena sababu ya kusubiri muhula mwingine.